Jini Hajui Kilichomo Chunguni

Enzi zetu pale mtaani Buyenzi, mtoto akiitwa mara moja haitiki. Si ukaidi, jamani, msitufikirie vibaya. Jua likishazama nyuma ya milima ya Kongo, majini yanatoka kutembea, na jini akikutaka anakuita kwa jina lako, kwa sauti ya mtu unayempenda. Ukiitika, umekwisha. Kwa hiyo unanyamaza, unasubiri uitwe mara ya pili, maana jini, tulivyoambiwa, hana subira ya kurudia. Nani alituambia? Sijui. Kila mtoto aliambiwa na mwenzake aliyemzidi umri kidogo, na kwetu hiyo ilikuwa elimu tosha.

Nimeyakumbuka hayo yote wiki hii kwa sababu ya katuni. Binti yangu Nadia akisikia nimesema katuni atanigombeza. "Mama, apana, si katuni. Ni anime. Katuni ni za batoto." Haya, anime. Nadia yuko Kanada, amekwenda kusoma, na mimi nimebaki peke yangu katika nyumba ile ile niliyozaliwa, lupango ule ule, ua mmoja wenye nyumba nne zinazotazamana. Mwanzoni tuliongea kwenye simu mpaka sikio linapata moto. Siku zikaenda, maneno yakapungua. Umekula? Nimekula. Baridi iko? Iko. Masomo? Yanaendelea. Kisha kimya, kila mmoja anasikiliza pumzi za mwenzake, mpaka mmoja aseme haya, tutaongea kesho. Na hiyo kesho nayo ikaanza kuchelewa. Niliogopa, sitaficha. Mume wangu alishatangulia mbele ya haki, huyu ndiye mtoto wangu pekee, na nilikuwa naona jinsi ninavyompoteza bila hata kugombana naye.

Juzi akaniambia, "Mama, kuna anime mupya imetoka, ya majini na mambo ya kutisha. We angalia sehemu ya kwanza, na mi niangalie, alafu tuongee. Utaniambia umeonaje." Nilielewa. Mtoto naye alikuwa anatafuta la kuongea na mimi. Ningeacha kuangalia vipi? Hata angesema tuangalie mpira wa theluji ningeangalia.

Nikaiangalia alasiri, milango wazi, mafundi wa gereji za jirani wakigonga mabati, maana mambo ya majini siyaangalii gizani, sijapata wazimu. Nikasema audhubillahi, nikaegemeza simu kwenye kopo la sukari, nikamimina chai.

Nitasema ukweli wangu. Mwanzo ulinikera. Wimbo mrefu, watu wanakimbia wee na hawafiki popote, macho makubwa kama visahani, na mtoto wa shule mwenye nywele za buluu. Shule gani hiyo? Sisi ungefika na utepe wa rangi kichwani tu, mwalimu angekurudisha nyumbani mbio. Maandishi ya Kifaransa nayo yanapita chini kama yanafukuzwa, nikimaliza kusoma mstari, mwenye kusema ameshaondoka. Lakini mvua yao! Aliyechora mvua ile amewahi kukaa peke yake dirishani, hilo naweza kuliapia. Inaanza taratibu, juu ya bati, juu ya baiskeli iliyosahauliwa nje, na ndani ya nyumba hakuna mtu anayesema kitu. Nikaacha kukereka.

Msichana yule wa nywele za buluu amefiwa na mamake. Anaishi na baba asiyeongea. Siku moja jioni amechelewa shuleni, wenzake wameondoka, korido ndefu, taa moja inapepesa. Mara anasikia jina lake. Ni sauti ya mamake kabisa. Inaita mara moja tu, kisha kimya. Msichana anasimama, mkoba unamwanguka.

"Nyamaza!" nikaifokea simu. "Usiitike, we mutoto! Ngoja kwanza!"

Akaitika. Kilichobaki ukutani ni kivuli chake, mwenyewe hayupo, na sehemu ya kwanza ikaishia hapo. Maandishi ya mwisho yalisema sauti ile itawaita wengine pia, na kila mmoja itamwita kwa sauti ya maiti wake. Lakini nilichosema moyoni si kwamba ni kibaya ao ni kizuri. Nilisema, masikini mtoto huyu, hakuna aliyemfundisha habari ya chungu.

Nakumbuka saa za maghrib za lupango wetu. Tulikuwa tumerudi kutoka shule, tumeshapita madrasa, tumeshachapwa kule na huku, sasa dunia ni yetu. Tulijifichana ndani ya karkasi za magari, yale mabodi yasiyo na injini ambayo mafundi waliyaacha nje ya gereji mpaka majani yakaota kwenye viti. Gololi zetu zilikuwa chuma halisi, tulizitoa kwenye beringi zilizokufa. Tulinuka grisi kuanzia nywele hadi kisigino. Mimi na rafiki yangu Salima tulikuwa na karkasi yetu, gari dogo lisilo na milango, tulikuwa tunaliendesha mpaka Makka na kurudi kabla ya chakula cha jioni.

Adhana ikiisha, mama zetu wanatoka milangoni. "Zuhura!" Huyo ni Mama, ananiita mimi. Kimya. Jini huyo. "Zuhuraaa!" Kimya tena, maana mtu huwezi kujua, labda leo yumo mwenye subira. Mara ya tatu Mama haiti, anakuja mwenyewe na kandambili mkononi.

"Mama, mi nilizani ni jini!"

"Jini?" anasema, na sikio langu liko kwake. "Jini gani atakutaka na hiyo grisi? Akupeleke wapi, gereji?"

Alijua kabisa kwamba tumeigeuza hofu yetu kuwa ruhusa ya kucheza. Alinivumilia siku kadhaa, kisha akanizidi akili. Jioni moja alisimama mlangoni akaita kwa sauti iliyovuka ua mzima: "Zuhura! Ndagala zinapoa!" Nilikwenda mbio. Nani ataziacha ndagala, dagaa wa ziwa letu, zimekaangwa na nyanya na kitunguu, pembeni bugali unatoa moshi? Tulipokaa kwenye mkeka akanieleza, uso mkavu, kama anasomesha juzuu.

"Jini anaweza kuiba jina lako. Jina lako linapigwa kelele kutwa, hata mbuzi wa hapa wanalijua. Na sauti yangu anaweza kuiiba. Lakini chungu changu nakifunika na Bismillahi, hawezi kuchungulia. Hajui kilichomo. Mutu akikuita bila kukuambia unakwenda kula nini, huyo si mamako. Akikuambia, na wewe ukakaa kule kwenye karkasi, nitakuchapa na jini atanisaidia."

Sheria hiyo ilienea lupango mzima kabla ya wiki kwisha. Mama Salima akaanza, kwa mchicha na samaki wao wa ziwani: "Salima! Lengalenga na mukeke!" Mama Furaha, aliyetoka Uvira na aliyekuwa Mukristo, alisema majini si mambo ya kwao, lakini pepo ni pepo tu, hawezi kubahatisha na mtoto wake. "Furahaaa! Sombe inakungojea!" Kila siku sombe, yale majani ya muhogo ya kutwangwa. Mpaka leo sijui kama walipika kingine. Siku Mama Salima alipoita "Nyama inapoa!" walifika watoto wote wa lupango, na wengine ambao mama zao hatukuwajua. Jioni ikawa inasomwa kwa masikio: nani anakula nini, nani amepata mgeni, baba wa nani amelipwa. Sisi tulicheka. Hatukujua kwamba kwa mama zetu ile ilikuwa pia shida, maana sasa chungu cha kila mtu kiko hadharani.

Ukaja msimu mbaya. Barabara zilifungwa, soko la Jabe likawa na meza nyingi kuliko vitu, na gereji zikanyamaza. Jioni moja Mama akatoka mlangoni kama kawaida yake. "Zuhura! Maharagi yanapoa!" Nikaingia mbio, nikafunua chungu. Kulikuwa na uji wa muhogo, mwepesi, bila sukari.

Nilirudi nyuma mpaka mlangoni. Nilikuwa mtoto, na sheria nilikuwa naijua. Huyu ameita maharagi, na maharagi hayamo. Kwa hiyo huyu hajui kilichomo chunguni. Kwa hiyo huyu si Mama. Nikaanza kulia na kusoma Qul-audhu kwa kupapatika, na yule mwanamke aliyekaa karibu na moto ananitazama, ana uso wa Mama, ana kanga ya Mama.

Alielewa. Hakucheka. Alikuja akapiga magoti, akanivuta kichwa akakiweka shingoni kwake, pale penye jasho na harufu ya makaa. "Mi ni mamako," akasema polepole, ili jirani wasisikie. "Jini haoni haya, mwanangu. Mwenye kuona haya ni mama. Kunywa." Nikanywa. Kesho yake aliita "Ndagala zinapoa!" na nikaja nikanywa uji, na nikamwambia Salima kwamba ndagala zilikuwa tamu. Salima naye akaniambia walikula mukeke. Miaka mingi baadaye, siku ya harusi yake, akakiri kwangu kwamba kwao nako ulikuwa uji.

Mama alifariki Nadia akiwa bado anatambaa. Salima yuko Kigoma. Akina Mama Furaha walirudi kwao. Lupango una wapangaji wapya, watu wema, lakini kila mtu ana geti lake na kufuli lake. Karkasi ziliuzwa chuma chakavu zamani. Na Nadia mimi sikumwita mlangoni hata siku moja, nakiri, kwa sababu alipofika umri wa kuitwa tayari watoto walikuwa ndani. Yuko chumbani, mimi niko jikoni, kati yetu kuna ukuta mmoja, nambipu kwa simu aje kula. Vijana wa siku hizi! Sisi tulikataa kuitika kwa kuogopa jini, wao hawaitiki kwa sababu wameziba masikio, na jini mwenyewe akiwaita itabidi awatumie ujumbe, nao wataujibu kesho kwa kidole gumba kilichochorwa.

Basi Nadia akapiga. "Eh Mama, umeonaje?"

Nilikuwa nimejipanga niseme maneno ya maana kuhusu mvua na korido. Yakaniponyoka yote. Nikasema, "Yule msichana angeuliza kwanza kuna nini chunguni."

"Chunguni? Mama, chungu gani?"

Nikamweleza. Karkasi, kandambili, ndagala, sombe ya kila siku ya Mama Furaha. Alicheka mpaka nikasikia mwenzake wa chumba anamuuliza kuna nini. Nilipofika kwenye uji wa muhogo akanyamaza, lakini si kile kimya chetu cha siku zote. Kisha akauliza, "Na ingekuwa ni we kwenye ile korido, Mama? Unasikia sauti ya Bibi. Ungeitika?"

"Ningeitika," nikasema. "Mara ya kwanza tu. Hata asingetaja chakula."

Akauliza tena, "Mbona hukuwahi kuniambia hizi habari?" Nilidhani hana haja nazo.

Jana maghrib nilikuwa nimetoka kuswali. Adhana imeisha, uani hakuna mtoto hata mmoja, taa za madirisha zimewaka na kila dirisha lina televisheni yake. Simu ikaita. Kwake ilikuwa bado mchana, nikasikia vyombo vinagongana nyuma yake. Sikuwahi hata kusema halo.

"Mamaaa! Wali na samaki vinapoa!"

Nilisimama. Wallahi nilisimama, mguu mmoja umeshaingia kwenye kandambili, mwingine unatafuta nyingine chini ya kiti, na nilikuwa nimegeukia mlango. Ndipo nikakumbuka wali huo uko wapi. Nikabaki hivyo hivyo, nimeshika ukuta.

"Labeka!" nikamjibu.

Akacheka. "We si jini. Sema na we, uko na nini chunguni?"

Enzi zetu uliitwa ukakimbia, na mwisho wa kukimbia ulimkuta mtu, hata kama chunguni mulikuwa na uji. Leo sauti inafika safi kuliko ilivyofika kutoka ua wa pili, nasikia hata kijiko chake, na hakuna pa kukimbilia. Nilimsikiliza mwanangu anavyotafuna, nikajiuliza kama kweli ni samaki. Sikumwuliza.

"Ndagala," nikamwambia. "Na bugali. Nimezikaanga na nyanya, zinapoa hapa."

Akasema anazitamani. Tangu aondoke sijawasha moto jioni, mtu mmoja hapikiwi. Mezani palikuwa na birika la chai na nusu ya mkate.