Kinu cha Marcelline na nyumba ya moto wa atome

Marcelline wa Kalengera alikimbia vita ya 2008 na kinu kichwani. Si kinu cha kawaida. Marehemu mume wake alikichonga kwa shina la muti mrefu hivi kwamba ndege walizeeka kabla ya kufika juu yake. Wengine walibeba godoro, wengine mbuzi. Yeye alibeba kinu, na mbuzi ndani ya kinu. Ukisema ninaongeza chumvi, muulize mbuzi.

Hapa Goma alipata nafasi kwa uwanja ulio nyuma ya nyumba yangu, pamoja na mama wengine kumi na mmoja wa Rutshuru. Kila asubuhi walitwanga sombe, majani ya muhogo. Masufuria yangu yalicheza ukutani, na kuku wa Birere, mbali kule, walitaga bila kupenda.

Lakini pembeni ya uwanja kulikuwa na kibanda cha enjenyeri Edmond, na ndani yake mashini ya kusikiliza matetemeko. Wakubwa wake wa ng'ambo walitaka kujenga santrale, nyumba ya moto wa atome ya kutoa umeme, katika nchi nyingine yenye volkano kama yetu. Nyumba ya namna ile ikipasuka, hakuna wa kuizima na ndoo. Basi walitaka kupima kwanza hapa kwetu: ardhi ya lava na majivu inatikisika kwa nguvu gani?

Siku moja Edmond akatoka kibandani, uso umevimba.

"Mama, muhame kabla ya ijumaa! Mashini yangu inaandika tetemeko kila asubuhi. Nimewatumia wakubwa. Wananiuliza, ni volkano gani hii inayoamka saa kumi na mbili na kupumzika siku ya Mungu?"

Mimi nilicheka mpaka kitenge kikafunguka. Marcelline hakucheka. Wahame waende wapi? Makanisa na mashule yalijaa, mvua ilikuwa imeanza, na mwenzake Béata alikuwa na mimba ya miezi minane.

"Papa Edmond," akasema, "na wewe unangojea nini hapa siku zote?"

"Kamio yangu, gari kubwa la mizigo. Ina chuma kizito cha kupiga ardhi. Ninapanga masikio ya chuma kwa mustari, ninaangalia pigo linachukua muda gani kufika kwa kila sikio. Likichelewa, udongo wa chini ni laini, na udongo laini unavimbisha tetemeko kama uji kwa moto. Lakini kamio imekwama kwa bariere ya waasi, wamefunga barabara."

"Sasa unafukuza nyundo yako mwenyewe? Tutapiga sisi."

Edmond akakuna kichwa. "Pigo moja tu, eh? Wote pamoja."

Wakainua michi. Tu-tu-ti-tu-ta! Karatasi ya mashini ikatoka kama kuku alitembea juu yake. Mama wale, tangu utoto, wanatwanga watatu kwa kinu kimoja, kwa kupokezana, ili michi isigongane. Kupiga pamoja, mikono ilikataa. Mara kumi, mara ishirini. Edmond akaanza kukunja nyaya zake.

"Ngoja!" Marcelline akapiga kelele. "Muache michi. Kwetu, mugonjwa tunamubeba namna gani?"

"Kwa kipoyi!" wakajibu.

Kipoyi ni kitanda cha miti. Kinabebwa mabegani, na wote wanafuata sauti moja, la sivyo mugonjwa anaangukia mutaroni. Wakazunguka kinu kikubwa cha Marcelline, wakakishika. Béata, kwa sababu ya tumbo, akapewa kazi ya sauti.

"Heee-ya! Heya, juu! Heya, acha!"

Kinu kikaanguka. Mimi nilirushwa, nikatua ndani ya ujana wangu, nikasalimia watu, nikarudi. Na karatasi ikatoa pigo moja, safi kabisa.

"Tena, mama zangu! Tena!" Edmond alikuwa anaruka kama mutoto aliyeonja sukari. Walirudia mpaka masikio yote yakajibu.

Ijumaa ikafika, hakuna aliyehama. Saa ya kutwanga Edmond alizima mashini, akaja na sahani yake. Kwa karatasi ya wakubwa, pahali pa kuandika aina ya nyundo, aliandika: "Kinu cha mama Marcelline, Kalengera." Wakubwa wakauliza kinatengenezwa kwa kiwanda gani, wanataka vitatu.

"Waambie wasijisumbue," Marcelline akasema huku akimujazia sahani. "Bila sauti ya Béata ni kuni tu."