Nilivyompa Abaya Mama wa Watu Kule Harar

Nyinyi mnaonicheka hapa mtaani Najma kila Ijumaa, leo nawapa sababu ya kweli ya kunicheka, maana aibu niliyoipata Harar hata mke wangu sijawahi kumsimulia.

Amina, dada Mhabeshi tuliyekuwa tukifanya naye kazi hoteli moja hapa Doha, alisikia napitia Ethiopia nikienda likizo Kenya, akanipa abaya mpya nimpelekee mama yake huko Harar. Akaniambia, "Ukifika lango la mji wa kale, mpigie kaka yangu aje akuchukue. Usijitafutie njia." Nikasema sawa. Lakini kufika pale, kuona ule ukuta mkongwe na nyumba za kijani na waridi, nikajiambia ngoja kwanza niutembee mji kwa miguu, simu ina haraka gani?

Basi nikaingia vichochoroni (vyembamba mpaka nikikutana na punda mimi ndiye napisha), nikapita mtaa wa mafundi cherehani, harufu ya kahawa inayokaangwa inanivuta huku na huku, na kila niliyemkuta namuuliza kwa Kiarabu changu cha kubahatisha, "Nyumbani kwa Amina wa Doha?" (Kumbe Amina mle ndani ni jina la kila nyumba, kama Wanjiku kwetu.) Muuza sambusa mmoja akanishika mkono akanipeleka hadi kwenye ua fulani.

Akatoka mama mfupi. Niliposema tu "Amina, Doha," akanikumbatia, majirani wakajaa, vigelegele, nikaketishwa kwenye baraza jekundu la ndani, ukutani vikapu vya kila rangi, na mimi mjinga nikajiona balozi. Akaivaa abaya pale pale. Ikaburura sakafuni.

"Miaka mitatu!" akasema, anacheka huku analia. "Amesahau kimo changu!"

Hapo ndipo nikakumbuka. Amina aliniambia mama yake ni mrefu kuliko yeye. Nikatoa simu, nikamwonyesha picha ya Amina wa hotelini. Akaitazama, akaitazama tena. Vigelegele vikafa kimoja kimoja.

"Huyu si mwanangu."

Jamani, sikujua niuweke wapi uso wangu. Wangenifukuza ningeshukuru. Badala yake akaivua ile abaya taratibu, akaikunja vizuri kuliko nilivyoileta, akaniuliza kama nimewahi kumwona Amina wake, aliyekuja huku Doha kufanya kazi za nyumbani na ambaye simu yake haipatikani tangu mwaka uliotangulia.

"Hapana, mama."

"Lakini wewe unatoka kule," akasema.

Ndipo nikampigia yule kaka, akaja mbio, mzigo ukafika kwa mwenyewe, nikapewa na chakula.

Niliporudi Doha, Amina hakunisalimia. "Nilikwambia upige simu!" Akanipa mgongo siku mbili nzima. Ya tatu akaja mwenyewe, akaniuliza jina kamili la yule binti aliyepotea. Tumeulizia hapa Najma, tumeulizia Abu Hamour, tumefika mpaka Al Wakrah, na hatujampata. Kwa hiyo nichekeni, lakini nimeapa: sibishi tena hodi kwa mtu nikiwa na jina la mwanawe mdomoni kabla sijajua ni mwana wa nani.