Wino Kwenye Dole Gumba la Kaka Yangu

Akili ya kaka yangu ilikua polepole, kisha ikasimama. Leo amepita miaka arobaini, ana ndevu zenye mvi, lakini ukimwambia akungoje mahali atakungoja kutwa nzima. Kitu kimoja alikijua kuliko sisi sote: michikichi. Baba alimfundisha kukata mikungu katika shamba letu la Kizuka, na akisema mkungu haujaiva, haujaiva.

Baba aliuza vitenge sokoni Rumonge. Siku moja ya Idi, sahani zikiwa bado mkekani, alitangaza mbele ya ndugu na majirani: "Shamba la Kizuka ni la mwanangu huyu. Nikiondoka, asilale njaa." Wote waliitikia. Mama peke yake ndiye aliyemfuata chumbani.

"Nenda kwa notere, baba watoto. Iandikwe, ipigwe muhuri wa serikali."

"Iandikwe nini? Mdogo wangu atamla mtoto wangu?"

Mama alimwomba hivyo hadi akafa. Baba naye alimfuata, na hakuwa ameandika hata mstari mmoja. Si vizuri kumlaumu maiti, lakini mimi namlaumu. Najilaumu na mimi pia. Nilikuwa mwalimu, ningeweza kumshika mkono nikampeleka. Nilinyamaza kwa sababu binti akitaja urithi huonekana anamwombea baba yake kifo.

Baada ya arobaini ya baba, baba mdogo alimchukua kaka yangu akakae kwake. Alisema mwanamke aliyeolewa habebeshwi mzigo wa ukoo. Nilishukuru, Mungu anisamehe. Mume wangu alikuwa ameshaanza kununa kwa kuhofia kaka angehamia kwetu.

Miezi michache baadaye nilikwenda kuwasalimia. Kaka yangu alinikimbilia uani, kavaa shati jipya, ameinua dole gumba lenye wino wa bluu.

"Dada! Nimesaini! Kama baba!"

Alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimemwona nayo tangu utotoni. Baba mdogo alikuwa kibarazani anakunywa chai.

"Amesaini nini?" nilimwuliza.

"Shamba tumeuza. Yeye ndiye mutoto mwanaume wa marehemu, na amekubali mbele ya mashahidi."

"Amekubali? Huyu hajui hata leo ni siku gani!"

"Iko mutu mukubwa. Na wewe mwanamuke, maneno ya udongo yanakuhusu nini?"

Nilimchukua kaka yangu siku hiyohiyo. Kisha nikaenda kwa avoka, wakili wa kesi za ardhi. Alinisikiliza vizuri, akaniuliza kama baba aliacha wosia. Hakuacha. Akauliza kama kuna karatasi ya mahakama inayosema nani ni msimamizi wa kaka yangu. Haikuwapo. "Basi leta waliosikia," akasema. Nilipita nyumba kwa nyumba kwa wale waliokula pilau yetu siku ile. Mmoja alisema hakumbuki. Mwingine alisema maneno ya Idi ni ya furaha tu. Mtu mmoja alikumbuka kila neno, lakini alimwogopa baba mdogo. Kesi ilituishia mikononi.

Sasa kaka yangu anaishi kwangu. Asubuhi nyingine hutoroka na panga lake, akaenda kwa miguu mpaka Kizuka. Mwanzoni mnunuzi alimfukuza. Siku hizi anamwacha akate na kubeba mikungu mchana kutwa kwa sahani ya muhogo, na watu wananiambia nimshukuru mtu huyo kwa moyo wake mzuri.

Usimamizi wa kaka yangu niliupata mahakamani baadaye, baada ya kwenda na kurudi sana. Karani aliyekuwa akijaza karatasi aliinua macho.

"Na wewe ukifa, mama, nani atamwangalia?"

Binti yangu mkubwa alikuwa amekaa kando yangu. Nilimtazama. Aliinama, akaanza kutafuta kitu katika mkoba wake, akatafuta kwa muda mrefu.

"Tutaongea nyumbani," akasema.

Karani akapiga muhuri. Mpaka leo hatujaongea.