Nyama Nyuma ya Ulimi

Dada yangu alikuwa akilala mchana, kwa kuwa kuanzia alfajiri alikuwa juani akianika dagaa. Mimi nilikuwa nimepita tu kambini kwake, Ukerewe, kama nilivyopita machimboni na minadani, nikikaa mahali mpaka panichoshe. Ndipo nikamsikia. Alikoroma, kisha kimya. Kifua kinahangaika, pumzi haipiti. Halafu anashtuka kama mtu aliyetolewa majini.

"Kimeo hicho," majirani walisema. "Kikatwe." Pale kila kikohozi husingiziwa kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni.

Akaitwa bibi mkata vimeo. Nilimmulikia kwa simu, naye akauvuta ulimi wa dada kwa kitambaa, akachungulia muda mrefu.

"Kimeo hakina neno. Ila huku kwenye shina la ulimi kuna nyama, nyekundu, kama nyanya ndogo. Naitoa hiyo."

"Bibi, ni nyama ya nini?"

"Ya nini tena? Ya ugonjwa."

"Mimi ninayo?" Nikapanua kinywa.

Shemeji, mume wa dada, akacheka. "Huyu aliacha shule darasa la sita, maswali hakuacha."

Bibi akanitazama kooni. Sikuwa nayo.

"Na ukiikata, damu itasimama?"

Wembe ulikuwa tayari nje ya karatasi yake. Bibi aliushika, akaushusha. "Damu ya kimeo naijua," akasema. "Ya hii siijui."

Dada akafumba mdomo.

Tukampeleka hospitali Mwanza. Daktari alimpitishia puani mpira mwembamba wenye kamera, kisha akapigwa picha ya shingo.

"Hii ni tezi, ile ambayo ikivimba shingoni watu huita goita. Mtoto akiwa tumboni, tezi hii huanzia kwenye ulimi, halafu hushuka shingoni. Yako haikushuka, mama. Ni nadra. Na shingoni huna nyingine."

"Na kama wangeikata?" dada aliuliza.

"Ungeweza kufa kwa damu."

Alipewa vidonge vya kuifanya inywee taratibu. Isiponywea, madaktari wenyewe watampasua. Akaambiwa alale ubavu, asilale chali.

Kwenye feri ya kurudi Nansio, bandari ya Ukerewe, alisinzia kwenye benchi. Kichwa kikaenda nyuma, mkoromo ukakatika. Nikanyoosha mkono.

"Mwache mwenzio alale, kaka," akasema mama aliyekaa jirani. "Huoni amechoka?"

Sikumwacha. Nilimtikisa bega mpaka pumzi ikaingia kwa kishindo, abiria wakageuka. Dada alinitazama kwa hasira, akajilaza ubavu, akafumba macho tena.