Kinyaa cha Edina

Kuna watu wanaozaliwa na kinyaa kama wengine wanavyozaliwa na makengeza, na Edina Ndunguru wa kitongoji cha Lumbanga, juu ya Maguu, alikuwa mmoja wao. Utotoni hakula chakula kilichotuliwa na nzi, na huko milimani maana yake ni kulala njaa mara nyingi. Kikombe alikisuuza mara tatu kabla ya kunywa, hata ugenini, mbele ya macho ya wenyeji, bila haya. Kwenye misiba, wenzake walipopokezana kata ya togwa, yeye alisingizia kiungulia. Wengine walimcheka, wengine wakasema anajisikia. Mama yake, Kunigunda, aliwajibu kwa kifupi, "Mwacheni. Huyu mkimwona amekunywa kitu, jueni ni safi." Maneno hayo yakaenea kitongoji kizima yakawa utani. Mama yeyote akitaka kuisifu togwa yake alisema hata Edina angeinywa.

Alipomaliza kidato cha nne akateremka Mbinga mjini akajifunza kuchora ramani za nyumba kwa penseli na rula. Ilikuwa miaka ile soko huria limekwisha kupiga hodi hadi vijijini. Chama cha ushirika kilikuwa hoi, wanunuzi binafsi wa kahawa wakipishana na magari yao kama nyuki, na kila kitu kilichochokwa Ulaya kililetwa kuuzwa kwetu, kuanzia suruali hadi kompyuta. Thabiti, kijana wa mama mmoja muuza vitenge, alirudi kutoka Dar es Salaam na kompyuta tatu za namna hiyo, akazipanga kwenye chumba nyuma ya duka la mama yake na kuanza kufundisha watu kupiga chapa.

Edina alikwenda kujifunza kupiga chapa. Akakuta kwenye kioo cha kompyuta kuna birika la chai, linang'aa, kivuli chake kimelala mezani.

"Picha hii umepigia wapi?" akauliza.

"Sijapiga," Thabiti akasema. "Birika hilo halipo duniani. Nimelijenga."

Basi kupiga chapa kukaishia hapo. Thabiti alikuwa na programu kwenye sahani ya kompyuta iliyonakiliwa, na lugha yake mwenyewe ya kuifundishia. Kwanza unajenga mifupa ya kitu, nyaya tupu unazoweza kuzizungusha ukakiona kitu mbele, nyuma na juu. Kisha unaivisha mifupa ngozi: bati, mbao, udongo. Kisha unawasha jua unapotaka wewe. Mwisho unaiacha kompyuta ipike. Picha moja iliiva kwa siku mbili, na jenereta ya mji ikizimika siku ya pili, unaanza upya. Edina alikuwa na subira ya kuchagua mchele. Mwezi wa tatu alikuwa na nyumba, kiti na kikombe vya kwake, safi, vyeupe, kila pembe imenyooka.

Thabiti aliviangalia akakunja uso.

"Plastiki," akasema.

"Plastiki vipi?"

"Havijawahi kuguswa na mtu. Dunia ni chafu, dada Edina, na jicho linajua. Ukutani karibu na swichi pana doa la vidole. Kwenye kona pana vumbi. Chini ya bati pana michirizi ya kutu. Usipotia uchafu, jicho linakataa, linasema hiki ni kitu cha uongo. Nenda kauangalie uchafu. Kaa nao."

Kwa Edina ilikuwa kama ametukanwa. Lakini alikwenda. Siku ya gulio alipanda lori hadi Mbamba Bay, akasimama ufukweni na daftari mkononi, kanga puani. Usipa, dagaa wa ziwani, walikuwa wameanikwa mchangani kwa malaki, nzi juu yao wamekuwa blanketi. Ubao wa kukatia samaki ulikuwa na utelezi wa miaka, na magamba yamekaukia juu ya magamba. Mawimbi yalileta povu lenye matumbo ya samaki, yakalichukua, yakalirudisha tena. Edina akaandika: ute hung'aa upande wa jua tu. Damu ikikauka inakuwa ya kahawia, si nyekundu. Kisha akaenda nyuma ya mtumbwi akatapika, akajifuta, akarudi kuandika. Akaangalia hata alichokitapika, maana nacho kilikuwa na ngozi yake na mwanga wake. Nani mwingine angefanya hivyo?

Na hapo ndipo alipowapita wote, Thabiti mwenyewe akiwamo. Hakuna anayeuona uchafu vizuri kama mwenye kinyaa. Sisi wengine tunaupita, yeye unamrukia. Baada ya mwaka mmoja alichora choo cha shule, na mteja mmoja wa Thabiti alipokiona kwenye kioo akafunika pua.

Habari zake zikamfikia mjomba Tadei. Hakuwa wa tumbo moja na mama yake, wa ukoo tu, lakini mjomba ni mjomba, humkatalii jambo kirahisi. Tadei alikuwa amenenepa kwenye kampuni moja ya kununua kahawa, ana simu mbili kiunoni na manukato yanayotangulia mlangoni kabla yake. Kampuni ilitaka kujenga kiwanda cha kumenyea kahawa mbichi pale Lumbanga, kando ya kijito, ili wakulima waache kuzungusha mashine za mkono majumbani. Kiwanja ni cha kijiji, kwa hiyo mkutano wa kijiji ndio utakaosema ndiyo au hapana. Na watu wa Lumbanga, waliokwisha kupunjwa na kila mnunuzi aliyepanda mlima ule, walikuwa hawaamini maneno.

"Wachoree," Tadei akasema. "Wakione kama kimeshajengwa. Ukifanikisha, kampuni inakupa kompyuta, mpya, ya kwako peke yako."

Kwenye kompyuta za Thabiti, Edina alikuwa anapanga zamu na wapiga chapa wanane. Usiku huo aliota kompyuta.

Akaanza na mlima, mlima wa mama yake. Upande ule wote umechimbwa ngolo, yale mashimo ya Wamatengo yanayozuia mvua isiteremke na udongo. Wanaume hufyeka na kupanga majani kwa miraba, wanawake huchimba na kuyafukia. Thabiti akamshauri ajenge shimo moja alinakili mara mia tatu. Edina akakataa, akayajenga moja moja kama anayeshika jembe, kwa sababu anajua hakuna mashimo mawili yaliyofanana. Akachora kijito. Penye maji, juu ya jiwe la kuchotea, akaiweka ndoo ya mama yake: ya bati, imebonyea ubavuni tangu ilipoanguka wakati wa Pasaka, mpini umefungwa waya, na mstari wa ukungu wa kijani ndani. Kunigunda na wanawake wenzake thelathini walichota maji pale.

Kilichobaki kilikuwa kiwanda, naye hakuwahi kukiona. Akauliza penye kiwanda kama hicho, akaelekezwa bonde moja la mbali, la kampuni nyingine, akaenda ndani ya msimu wa mavuno.

Uvundo ulimpokea nusu saa kabla ya kufika. Si harufu ya kinyesi, si ya mzoga. Ni tamu, chachu, inakaa nyuma ya ulimi. Maganda mekundu yalikuwa yamelundikwa mpaka usawa wa paa, yameoza, yamekuwa meusi, na lundo lilikuwa linatembea kwa funza. Mashimo ya kuyafukia yalikuwepo, tena yamechimbwa kwa vipimo. Yalikuwa yamejaa yakafurika. Ute wa kahawa uliteremka mtoni kama kamasi. Maji yalikuwa rangi ya chai iliyolala, yenye povu la manjano, na kando yake mama mmoja alikuwa anafua nguo, mikono imejaa vipele. Edina hakutapika. Alikuwa ameshajua kazi. Aliandika kurasa kumi na moja.

Picha ilipoiva, Thabiti aliikagua kona kwa kona. Kisha akasema, "Hii si plastiki."

Tadei naye aliiangalia, meno yote nje, hadi macho yalipofika kijitoni. Meno yakarudi ndani.

"Kutu ya bati acha. Matope ya magurudumu acha, yanapendeza, yanaonyesha watu wako kazini. Hili lundo toa. Na maji haya safisha."

"Mjomba, nimeyaona. Ndivyo yanavyokuwa."

"Ya wenzetu. Sisi tutachimba mashimo."

"Hata wao wamechimba."

"Edina," Tadei akasema, na sauti yake ilikuwa ya kumbembeleza mtoto anywe dawa. "Hii ni picha. Nani anakunywa picha?"

Nawaambia ukweli, ilimchukua dakika arobaini. Alilitoa lundo, akaotesha majani mahali pake. Akayafanya maji yaangaze hadi kokoto za chini zionekane. Alijiambia ni picha tu, akajiambia mashimo huenda yatachimbwa makubwa, akajiambia na mengine ambayo mtu hujiambia kitu akitakacho kikiwa karibu. Ndoo akaiacha pale pale. Alipomaliza aliiacha kompyuta ipike upya, akaenda kunawa mikono, akanawa tena, akanawa ya tatu.

Tadei aliichapisha mjini, ukubwa wa shuka, akaitundika mbele ya ghala la zamani la ushirika siku ya mkutano. Watu wakajaa. Edina akakaa upande wa wanawake, chini, pamoja na shangazi zake.

Mzee Bernadi ndiye aliyeanza. "Jengo hili liko wapi? Mimi nimepita pale leo asubuhi, nimeona migomba."

"Halijajengwa, mzee wangu," Tadei akasema. "Ndivyo litakavyokuwa."

"Kitu ambacho hakipo kilipigwaje picha?" Mzee Bernadi akawageukia watu. "Wa mwaka juzi walituletea mizani. Hawa wametuletea shuka."

Kicheko kikapasuka. Wengine wakaanza kusimama, kukung'uta nguo, kuulizia jua limefika wapi. Tadei alikuwa anajifuta jasho na manukato yake yameshindwa. Edina akavuta pumzi ndefu. Kompyuta itapotea, lakini Mungu wangu, angelala salama.

Ndipo Kunigunda aliponyanyuka. Alikwenda hadi kwenye picha akiinama, pua karibu iguse karatasi.

"Ndoo yangu!" akapiga kelele. "Jamani, si ndoo yangu hii? Tazameni bonyeo la Pasaka! Tazameni waya aliofunga marehemu baba Edina!"

Wanawake wakaja mbio. Mmoja akaona jiwe la kuchotea, mwingine akaona ngolo za shamba lake, akalijua hata shimo lililobomoka na ambalo hajalitengeneza. Wakacheka, wakagusana mabega. Hata Mzee Bernadi akasogea akavaa miwani.

Kunigunda akageuka kuwakabili watu. "Picha hii kaitengeneza Edina. Huyu wangu, mnayemcheka kwa kinyaa chake. Mnamjua tangu mdogo. Kikombe anakisuuza mara tatu. Togwa zenu hajazinywa hadi leo. Sasa niambieni ninyi: mtu huyo angeiweka ndoo ya mama yake kwenye maji machafu?"

Jibu lilikuwa moja na wote walilijua.

Ule uvundo ukampanda Edina puani, pale pale kwenye hewa safi ya mlima, mtamu, mchachu. Akafungua mdomo. Mtoto hasimami katikati ya kijiji akamwambia mama yake kwamba amesema uongo. Lumbanga jambo hilo halijawahi kutokea, na aliyemzaa alikuwa anamtazama kwa tabasamu ambalo hakuwahi kumpa kwa cheti wala kwa kipaimara. Akaufunga. Mwenyekiti akasema wanaokubali wanyooshe mikono. Mikono ikanyooka safu kwa safu. Shangazi akamgonga Edina kiwiko, "Nawe nyoosha, mbona unatuangusha?" Akanyoosha.

Kompyuta aliipata. Tadei kwa hilo hakusema uongo. Ilikaa chumbani kwake Mbinga imefunikwa kitambaa, naye kila alipokifunua alihisi kuna kitu kimeoza nyuma yake. Aliwahi kuifungua kwa bisibisi kutafuta panya aliyekufa. Hamkuwa na panya. Akarudi kwenye penseli na rula.

Msimu wa pili wa kiwanda, mwezi wa saba, alipanda kumsalimia mama yake. Sitaeleza njia ilivyonuka, nimeshaeleza. Mashimo yalikuwa yamechimbwa, na yalikuwa yamefurika. Nzi walikuwa wamehamia Lumbanga na familia zao. Mstari wa ukungu wa kijani ndani ya ndoo ulikuwa umegeuka mweusi, na Edina aliuona tangu mlangoni, maana ndivyo macho yake yalivyo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pole na mlima."

Kunigunda hakuwa na neno la lawama. Sijui kama alikuwa amelimeza au hakuwa nalo kabisa. Aliingia ndani akatoka na kikombe, akakisuuza mwenyewe mara tatu mbele ya binti yake, akamimina maji kutoka kwenye kidumu kidogo kilichofungwa kwa kitambaa. Maji yalikuwa maangavu.

"Kunywa bila wasiwasi. Haya nimeyafuata ng'ambo ya mlima wa pili, nilipopata habari unakuja. Nimetoka alfajiri."

Edina akakishika kikombe. Akaangalia miguu ya mama yake, vumbi hadi magotini, na kidumu, ambacho kingetosha vikombe vitatu au vinne.

"Na wewe, mama, unakunywa yapi?"

"Mimi?" Kunigunda akacheka kidogo, akachota kwenye ndoo ya bati. "Haya haya ya kijitoni. Mimi sina kinyaa."