Treni ya Bungulu Ilivyotoka Njiani

Mjini Beni hatukuwa na reli, lakini treni tulikuwa nayo. Ndivyo watu wa mtaa wetu wa Bungulu walivyoliita lori aliloendesha mume wangu, kwa sababu lilivuta trela, na kwa sababu lilipeleka kahawa ya Butembo hadi Kasese, ng'ambo ya mpaka, ambako treni ya kweli iliipokea. Yeye alilipenda jina hilo kuliko jina lake mwenyewe. Mimi nilikuwa mke mpya, msichana wa Lubero niliyelelewa kwa masista, nimesilimu ili niolewe, na mama yake alikuwa hajaniamini hata kidogo. Alisema napika kama mtu anayeosha sufuria. Nami nilinuna tangu asubuhi mpaka jioni. Kazi hiyo niliiweza vizuri.

Mama mkwe alikuwa na jiko katika uwanja wa malori, akiwapikia mashofeli na wapakiaji. Wakati huo waasi walikuwa wamekwisha kuondoka Beni, na askari waliowafukuza waliendelea kuwatafuta hata pale ambapo hawakuwapo. Ukichelewa kujibu salamu, wewe ni muasi. Ukijibu haraka mno, muasi vilevile.

Alasiri moja ya Ramadhani mume wangu aliifungua trela iliyojaa kahawa kutoka kwenye lori, akaiacha kwenye mteremko wa uwanja, imezuiwa kwa mawe mawili chini ya magurudumu, akaenda kutawadha. Trela ikaondoka peke yake. Mwanzoni ilishuka polepole, kama mgeni anayetoka bila kuaga, kisha ikashika kasi, ikabomoa ukuta wa kambi ya askari huko chini na kulilalia gari la komanda wao. Hakuna aliyeumia. Magunia yalipasuka, kahawa ikatapakaa kila upande, na mume wangu akakamatwa miguu yake ingali na maji.

"Muasi," alisema komanda. Waliopelekwa kambini kwa neno hilo hawakurudi, na sote tulijua.

Uwanjani kila mtu alikuwa na sababu yake. Huyu alisema breki, yule akasema jini. Mpakiaji mmoja wa Butembo aliapa kwamba ni wivu wa mashofeli wenzake. Mimi nilienda jikoni kutafuta chakula cha kumpelekea afuturu.

Mama mkwe alikuwa amekaa mbele ya sufuria kubwa aliyoitumia Ramadhani tu. Hakunigombeza. Hilo ndilo lililonifanya nitazame vizuri. Mafiga mawili yalikuwa meusi kwa masizi ya miaka mingi. La tatu lilikuwa kubwa kuliko yote, bado lina udongo mwekundu wa uwanjani.

"Sufuria ilikuwa mukubwa," alisema bila kuniangalia. "Nilikuta gari iko na mawe mbili. Nikasema moja itatosha."

Ningeweza kumpigia kelele. Hamu hiyo nilikuwa nayo tangu siku ya harusi. Lakini alikuwa amekwisha kusimama, anajifunga kitenge, na njia aliyoishika ilikuwa ya kambini. Nikamfuata.

Kule alieleza kila kitu, jiwe, sufuria, mteremko. Komanda akacheka.

"Kila mama anaweza sema ivi juu ya mutoto yake. Rudi kwako, mama. Mutoto yako, kesho hapana tena."

Mama mkwe alinivuta mpaka penye ukuta uliobomoka.

"Utamuambia wewe. Batu bote banajua hatupatane. Sema na nguvu, sawa vile unaninuniaka kila siku."

"Na wewe, batakufanya nini?"

"Mi ni muzee. Kwenda, sema."

Nilimpenda ghafla, na nilikasirika kwamba upendo ulichagua saa mbaya namna ile.

Nilirudi mbele ya komanda, nikapaza sauti mpaka askari wa mlangoni wakageuka. Nilisema ni huyu mwanamke. Nilisema anashika vitu vya watu bila kuomba, na jiwe la trela sasa hivi liko chini ya sufuria yake, waende wakaone. Askari mmoja aliyezoea kula kwake akasema ni kweli, mama huyu na mkamwana wake hawaivi chungu kimoja, uwanja mzima unajua.

Komanda alinigeukia.

"Unamuchukia huyu mama?"

Mama mkwe alikuwa amesimama karibu yangu, ameinamisha kichwa, masizi yangali kwenye vidole vyake.

"Ndiyo," nilisema. "Namuchukia."

Mume wangu alifunguliwa kamba palepale. Mama mkwe alibakizwa kuwapikia askari, na hatukumwona nyumbani mpaka Idi ilipopita. Yeye alikuwa amewaambia kweli tupu, wakamcheka. Mimi nilidanganya kwa neno moja tu, nao wakaniamini.