Breki za Mafuta ya Nyonyo

Gari letu lilifika nyumbani likinuka damu. Harufu ilinifikia kabla sijaliona, maana upepo ulitoka upande wa njia, na mbwa waliinuka wote kwa pamoja wakakimbilia huko. Ilikuwa pikapu kuukuu, jina lake la bati limeng'olewa mbele, taa moja imebaki tundu tupu, na nyuma, kwenye bodi iliyoliwa na kutu, palikuwa na nyama mbichi imerundikwa juu ya majani, nzi wameifunika mpaka imekuwa nyeusi. Nyama hiyo ilikuwa ya maksai wa baba mkubwa Sogodi, kaka yake baba. Baba, ambaye watu walimwita Ndahani, alikuwa dereva wa mwenye duka mmoja pale Kintinku, stesheni. Tajiri yule alipofunga duka na kuondoka alimwachia dereva wake pikapu ile, injini ikiwa imekufa. Baba akamwomba kaka yake maksai wa kulivuta gari kupandisha mlima hadi kwetu. Kwenye kona yenye mawe maksai mmoja aliteleza, mnyororo ukamzonga, gari likarudi nyuma likamburuta mpaka miguu yake ya nyuma ikavunjika. Baba mkubwa alimchinja palepale njiani, analia na kutukana kwa pamoja, kisha akampakia mnyama wake ndani ya gari lililomuua. Waliingia nyumbani hivyo: maksai waliobaki wakivuta, ndugu wawili wamelowa damu hadi viwikoni, hawasemeshani.

Tembe letu lilikuwa na vyumba pande zote, na uwanja wa katikati ndimo ng'ombe walimolala. Baba aliwahamishia ng'ombe kwenye boma la miiba nje, akaliingiza gari mahali pao, na kiangazi chote kile hatukuwa na amani ya masikio. Kazi yenyewe ilikuwa ya kupiga. Baba alipiga mabati, alipiga misumari, alipiga springi juu ya jiwe, na vitu vilipokataa kunyooka alipiga watu. Mimi nilichapwa kwa mkanda wa feni kwa sababu nilifungua karbureta nione kilichomo. Nilichapwa tena kwa kuonja maji ya betri na ncha ya ulimi. Shule niliiacha msimu huo huo. Mwalimu alinichapa kwa kuchelewa, baba akanichapa kwa kumkimbia mwalimu, nikaona ni afadhali nichapiwe mahali penye kitu cha kutazama. Na vitu vya kutazama vilikuwepo. Baba alikata gasketi kwa kisu kutoka kwenye katoni ya sabuni. Aliziba rejeta iliyotoboka kwa ugali wa uwele uliochanganywa na majivu, ukavuja, akaanza upya kwa risasi aliyoiyeyusha kwenye kijiko. Lile tundu la taa alilifunika kwa bakuli la bati, basi gari likawa na jicho moja zima na jingine la chongo.

Hakuwa anatengeneza gari la biashara. Bibi, mama yao wale ndugu wawili, alikuwa ameanguka kutoka juu ya paa alipopanda kuanika mtama, na tangu hapo miguu yake ilikuwa haina kazi. Nayo amri ya serikali ya kuhamia vijiji vya ujamaa ilikuwa imeshatufikia. Kitongoji jirani kilihamishwa kwanza. Baba alikwenda kutazama, akarudi rangi imembadilika. Mgambo walikuwa wameng'oa nguzo za matembe hadi mapaa ya udongo yakaanguka juu ya vyungu na mitungi, na kizee mmoja asiyeweza kutembea walimshika mikono na miguu, wakahesabu kwa sauti, wakamrusha kwenye lori. Nyonga yake ilivunjika. Tulisikia baadaye kwamba alikufa kabla hajajua mlango wa nyumba yake mpya unatazama wapi. Jioni ile baba alimpiga mbwa teke, akasimama mbele ya Bibi, akasema, "Mama, wewe hutarushwa. Hakuna mgeni atakayekugusa."

Ndiyo maana nyuma ya pikapu ile ilikuwa kama chumba. Baba alipasua mbao za mninga akatengeneza bodi mpya, ndani yake akafunga kitanda cha kamba za ngozi kinachoning'inia kidogo, ili mashimo ya barabara yasimuumize mgonjwa. Aliweka ufito wa kushikia kwenye urefu wa mkono wa Bibi. Alimpima akiwa amelala. Mlango wa nyuma uliteremka hadi karibu na ardhi, ukawa ngazi. Bodi nzima aliipaka udongo mwekundu uliokorogwa na mafuta. Bibi aliletwa juu ya ngozi kuona, akagusa ufito, akasema tu, "Mnagombana mno, wanangu."

Walikuwa wanagombana kweli. Kila siku baba mkubwa alikumbusha. "Gari hili limekula maksai wangu. Likianza kwenda, nusu ni yangu."

"Nusu ipi, kaka? Ya mbele au ya nyuma?" baba alimjibu siku moja, akiwa chini ya injini. "Chukua ya nyuma. Ndiko tanboi hukaa."

"Tanboi mimi? Nimekubeba mgongoni, Ndahani, ukanikojolea."

"Basi utabeba na kabari. Mgongo si umeshazoea?"

Baba mkubwa alimvuta miguu kutoka chini ya gari akamtandika spana begani. Wakashikana, wakabiringishana kwenye mbolea ya ng'ombe, mmoja anang'ata sikio, mwingine anatafuta jiwe, na mama akawamwagia ndoo ya maji kama watu wanavyotenganisha mbwa. "Shemeji, aibu!" alipiga kelele. "Mama yenu anawaona!" Waliachana wakihema. Kesho yake walikuwa chini ya gari tena, mmoja na kitambaa begani, mwingine na sikio limevimba, wanapokezana zana bila kutazamana.

Breki ndizo zilizomtesa baba kuliko vyote. Dawa ya breki haikupatikana hata Manyoni. Alijaribu mafuta ya injini, raba za ndani zikavimba, magurudumu yakakaza yasiachie. Ndipo alipokumbuka alichowahi kusikia kwa mafundi wa reli: mafuta ya nyonyo na pombe kali, nusu kwa nusu. Mafuta ya nyonyo yalikuwa ya mama. Alikaanga mbegu, akatwanga, akachemsha na kuengua, kwa ajili ya kulainisha ngozi na kutupaka sisi watoto wakati wa baridi. "Wanangu wamepauka kama majivu, linapakwa gari," alinung'unika, lakini alitoa. Pombe ilikuwa gongo, iliyopikwa kwa siri na mwanamke mmoja karibu na stesheni. Baba alichanganya vyote kwenye chupa, akatikisa, vikawa kitu kimoja kinachong'aa, akamimina. Siku ya kujaribu aliliendesha gari kwa kasi kuelekea kwenye boma la miiba, sisi watoto tukapiga yowe, na likasimama ng'ombe wakiliangalia puani. Sijawahi kumwona baba anacheka vile tena.

Mgambo walikuja asubuhi, mapema kuliko ilivyotangazwa. Walianza na nguzo za upande wa jikoni. Paa la udongo lilipoanguka, vumbi lilifunika uwanja wote, kuku wakapigwa na mbao wakafa, na mama akawa anawararua wanaume mashati huku akidai utolewe kwanza mtungi wake. Mgambo mmoja alimsukuma, akaanguka juu ya mawe ya kusagia, akatoka damu mdomoni. Baba hakuweza hata kumtazama. Alikuwa amelala chini ya gari: raba ya breki ya gurudumu moja la nyuma ilikuwa imevuja usiku, ameibadilisha, na sasa breki zilihitaji kujazwa upya. "Kaka!" aliita kutoka chini. "Chupa zile mbili! Changanya, umimine!" Baba mkubwa alizichukua akaenda nyuma ya ukuta uliobaki. Aliporudi alikuwa anatikisa chupa moja kwa nguvu zake zote, ndani mna kitu cheupe kama maziwa. Akamimina. Baba akanyaga pedali, ikawa ngumu, akaridhika.

Bibi alipandishwa na wanawe wawili juu ya ngozi yake, polepole, akashika ufito wake. Kijana aliyeongoza mgambo alikuja akagonga bodi kwa rungu. "Mzee, lori lipo. Panda kama wenzako."

"Mama yangu ana gari lake," baba alisema.

Mgambo wakacheka lile jicho la bakuli, lakini wakatuacha tutangulie, lori lao likifuata. Mama na wadogo zangu walipandishwa kwenye lori. Mimi nilikaa nyuma na Bibi, nimeshika mguu wa kitanda, na baba mkubwa alisimama kwenye ngazi na kabari ya mti mkononi, kazi ya tanboi aliyoichukia, ya kuruka na kuiweka chini ya gurudumu gari likikataa kusimama.

Tulipoanza kuteremka kuelekea bondeni breki zilishika. Kona ya kwanza, ya pili. Halafu nikasikia harufu ya kuungua kutoka magurudumuni, na baba anakanyaga mara mbilimbili, tap tap, kama mtu anayeua mdudu. Gia ikaruka. Handibreki haikuwa na waya tangu enzi za tajiri. Gari likaanza kukimbia lenyewe, mawe yakirukia bodi, kitanda cha Bibi kikipiga huku na huku, na baba akapaza sauti, "Kabari, Sogodi! Kabari!" Nilimwona baba mkubwa akiruka. Alikimbia pembeni mwa gurudumu, akaiweka kabari, ikarushwa. Akaiokota, akatangulia mbele ya gurudumu la nyuma, akaishindilia kwa mikono na kuikanyaga kwa mguu wake. Gari lilipanda juu ya vyote viwili, mti na mguu, likayumba, likasimama limeegemea mwamba. Sauti ya mfupa ule naweza kuitofautisha hata leo na sauti yoyote ya mti unaokatika.

Baba alishuka. Hakwenda kwanza kwa kaka yake. Alifungua boneti, akafungua kikopo cha breki, akaingiza kidole. Mafuta yalikuwa yanaelea juu, chini maji matupu. Alinusa. Kisha akamwendea baba mkubwa, aliyekuwa amekaa chini anashika paja lake kwa mikono miwili, akainama akamnusa mdomo.

"Limekula maksai wangu," baba mkubwa alisema. "Na mimi nimekunywa chake."

Baba alimpiga. Alimpiga ngumi usoni, kaka yake akiwa na mguu uliosagika mbele yake, akampiga tena alipoanguka chali, akaokota ile kabari akaanza kumpiga nayo mbavuni, na baba mkubwa hakujikinga, alikuwa anarudia tu, "Nimelisimamisha, Ndahani. Nimelisimamisha." Nilimrukia baba mkono nikatupwa kwenye miiba. Lori la mgambo lilifika nyuma yetu wakati huo, wakamshika watatu na bado alikuwa anarusha mateke.

Katika kelele ile Bibi alisema, bila kuinua sauti, "Nishusheni."

Baba akatulia. "Mama, nitalirekebisha sasa hivi. Kuna maji, kuna..."

"Nishusheni kwenye kitu hiki. Wewe kijana," alimwambia yule kiongozi wa mgambo, "njoo unibebe. Uniweke kwenye lori lenu."

Kijana yule, aliyekuwa amevunja nyumba yetu asubuhi hiyo, alivua kofia. "Shikamoo, bibi," alisema.

"Marahaba, mwanangu."

Alimwingiza mikono chini ya mgongo na chini ya magoti, akambeba kama mtu anavyobeba mtoto aliyelala, na alipofika kwenye lori aliwaambia wenzake wasimguse, akapanda naye yeye mwenyewe. Baba alibaki amesimama kando ya bodi yake nyekundu, mlango umeshuka, ngazi iko tayari, hakuna mtu wa kuikanyaga.

Mguu wa baba mkubwa ulikatwa hospitalini. Katika kijiji kipya ndugu wale wawili walipewa viwanja jirani, kwenye mstari mmoja ulionyooka, na waliishi hivyo miaka, wakitumiana salamu za misiba kupitia sisi watoto. Bibi alikula kwa wote wawili na kulala kwa mama. Pikapu ilivutwa baadaye ikabeba mapipa ya maji ya kijiji mpaka ikafa. Mimi sikukaa. Nilipopata kimo niliondoka, nikazunguka Itigi, Tabora, Mpanda, nikiuza hiki na kile, nikipanda malori ya watu na kuwauliza madereva kila chuma kinafanya nini. Sasa barabara ni ya lami, mtu anafika Dodoma kabla chai haijamtoka tumboni, na kipuri chochote kipo dukani Manyoni ndani ya boksi lake. Mtoto mmoja wa upande wetu, mjukuu wa baba mkubwa Sogodi, naye amefufua pikapu ya zamani. Ameipaka rangi ya buluu, ameiwekea viti vya ngozi na redio inayosikika kabla gari halijaonekana. Ni kijana mpole, sijawahi kusikia amempiga mtu. Juzi alinikuta nimesimama kando ya barabara na mfuko wangu, akasimama, akafungua mlango.

"Shangazi Foibe, panda! Si unaenda Kintinku? Naenda hukohuko."

Nilimshukuru, nikamwambia atangulie.

"Unamsubiri nani?"

Nikamwonyesha kwa kidevu lori la mizigo lililokuwa linakuja kwa mbali, na dereva wake simjui.